Mkataba Uliotolewa Bondo

Mwezi wa pili mwaka huu, siku za mbalamwezi, nilikaa karibu nusu siku kwenye mwalo mmoja, yaani ufuko wa kupakulia samaki, upande wa Ukerewe nikisubiri mtumbwi wa kunivusha. Mbalamwezi ndiyo likizo ya wavuvi. Dagaa hawafuati taa ya mtu wakati mwezi wenyewe umewaka, kwa hiyo mitumbwi hupandishwa mchangani, nyavu hushonwa, na hesabu za giza lililopita, yaani zile siku za uvuvi zisizo na mbalamwezi, hupigwa. Hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Ugomvi wa siku ile ulikuwa wa bondo. Kwa msomaji aliyekulia mbali na ziwa: bondo ni kile kifuko cha hewa kilichomo tumboni mwa sangara. Zamani kilitupwa pamoja na matumbo, kunguru wakakigombea. Siku hizi kinasafirishwa mpaka China, na kilo moja ya mabondo makubwa inanunua kilo nyingi sana za minofu. Vijana watatu walikuwa wamekubaliana na tajiri wao kwa mdomo, kama ilivyo kawaida ya ziwa: toa mafuta, toa chambo, toa chakula, kinachobaki nusu ya tajiri na nusu ya wavuvi. Giza zima tajiri aliwapa nusu yao ya samaki bila kupunja hata senti. Ila kabla ya kupima alikuwa anawachana sangara wakubwa, anachomoa mabondo na kuyatia kwenye ndoo yake. Alipobanwa alijibu kwa utulivu kabisa, "Sisi tulikubaliana samaki. Bondo nani alilitaja?"

Nimeandika juu ya mikataba ya haki za binadamu kwa miaka kadhaa, na sijapata kusikia mtu akiieleza vizuri kuliko yule tajiri.

Maana hivyo ndivyo serikali zetu zinavyosaini. Samaki wanakubaliwa wote: uhuru wa maoni, haki ya kupiga kura, haki ya kutoteswa, usawa mbele ya sheria. Wanapimwa hadharani, picha zinapigwa, hotuba inasomwa. Bondo ni kipengele kimoja kidogo, mara nyingi kimewekwa kwenye itifaki ya pembeni au kwenye ibara isiyosomwa na mtu, kinachomruhusu mwananchi mwenyewe kwenda kulalamika mbele ya mwamuzi asiye yule aliyemkosea. Hicho kinachomolewa mapema na kutiwa kwenye ndoo.

Tuanze na makaratasi, kwa sababu tunayo mengi. Azimio la Kimataifa la Haki za Binadamu lilipitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948, nchi 48 zikiunga mkono, 8 zikijizuia kupiga kura, na hakuna iliyopinga. Sisi hatukuwapo, tulikuwa bado chini ya Mwingereza. Tulipopata bendera yetu tuliingia wenyewe, kwa hiari. Juni 1976 Tanzania ilijiunga na mikataba miwili mikubwa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1966, ule wa haki za kiraia na kisiasa na ule wa haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni. Februari 1984 ikaridhia Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Orodha ni ndefu na sitaimaliza hapa.

Angalia tarehe tu. Mwaka 1976 tuliiahidi dunia kwamba raia wetu ana haki hizi na hizi, wakati Katiba yetu wenyewe haikuwa hata na sehemu ya haki. Sehemu hiyo ilikuja kwa marekebisho ya mwaka 1984, na hata ilipoingia, iliwekewa kizuizi: hadi Machi 1988 hakuna mwananchi aliyeweza kwenda mahakamani kuidai. Miaka 12 ilipita kati ya siku tuliyowaahidi wageni na siku mwenye nyumba aliporuhusiwa kudai.

Ule mkataba wa haki za kiraia na kisiasa ulikuja na itifaki ya hiari. Inamruhusu mtu mmoja, akishamaliza mahakama za kwao, kuiandikia Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa kule Geneva. Tanzania haikuigusa. Kenya nayo haikuigusa. Uganda ilijiunga nayo mwaka 1995.

Na hapa ndipo ziwa linapochekesha. Maji ya Ziwa Victoria yamegawanywa nchi tatu: asilimia 51 Tanzania, 43 Uganda, 6 Kenya. Hakuna uzio. Mpaka ni mstari kwenye ramani. Sangara hawaujui na upepo wa usiku hauuheshimu. Mvuvi wa Ukerewe aliyezimikiwa na injini anaweza kusinzia Tanzania akaamka Uganda. Akipigwa na askari wa upande ule, Uganda ina Mkataba dhidi ya Mateso iliojiunga nao tangu 1986, kama Kenya ilivyofanya 1997. Akipigwa upande huu, mkataba huo haumhusu, kwa sababu Tanzania haijauridhia. Akishindwa kesi katika mahakama za Kampala anaweza, walau kwenye karatasi, kuandika barua kwenda Geneva. Akishindwa Dar es Salaam hana anwani hiyo. Mgongo ni ule ule na fimbo ni ile ile, kilichobadilika ni maji yaliyo chini ya mtumbwi.

Sisemi Uganda ni peponi. Wavuvi wana simulizi za doria za pande zote, na karatasi ya Geneva haijawahi kumshika mkono askari aliyekwisha kuamua. Ninachosema ni kidogo zaidi ya hapo: kwamba nchi tatu zinazokunywa maji ya ziwa moja, na zinazokaa meza moja kila mkutano wa Afrika Mashariki, zimesaini karibu samaki wale wale, ila kila moja imechagua bondo lipi iwaachie watu wake.

Habari ya Arusha inauma zaidi, kwa sababu pale bondo tulishaligawa, kisha tukalirudia.

Itifaki iliyounda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipitishwa 1998 na kuanza kutumika 2004. Tanzania iliiridhia mwaka 2006, ikakubali kuwa mwenyeji, na mahakama ikaweka makao yake Arusha. Lakini kuridhia itifaki hakumpi mwananchi ruhusa ya kuingia. Nchi inatakiwa itoe tamko la ziada, chini ya ibara ya 34(6), kwamba inakubali kushitakiwa moja kwa moja na watu wake na asasi zao. Nchi zilizowahi kutoa tamko hilo barani kote hazizidi kumi na mbili. Tanzania ilitoa lake Machi 2010. Niseme wazi: lilikuwa jambo kubwa, na serikali ya wakati ule inastahili sifa yake.

Wa kwanza kugundua kwamba mlango uko wazi kweli kweli hawakuwa wanasiasa wala maprofesa. Walikuwa wafungwa. Tanzania ikawa nchi iliyoshitakiwa mara nyingi kuliko zote mbele ya mahakama ile, na sehemu kubwa ya maombi iliandikwa magerezani. Mengine yalitoka Butimba, hapa hapa Mwanza, jirani na Nyegezi, gereza ambalo wengi wetu tunalipita tukiwa ndani ya daladala bila kugeuza shingo. Mtu amefungwa miaka 30, kesi yake imeanza mpaka ikaisha hana wakili hata siku moja, rufaa ameandika kwa mkono wake, imegonga mwamba. Karatasi ya mwisho anaipeleka Arusha.

Kwa kawaida majaji hawakuwafungulia wafungwa mageti. Katika mashauri mengi walikataa kugusa hatia yenyewe. Lakini mara kwa mara walisema kwamba serikali ilivunja haki ya mtu huyo kwa kumwacha akabili shitaka zito bila msaada wa kisheria wa bure, na wakaamuru alipwe fidia, kwa wengine shilingi 300,000. Pesa hiyo haikaribii hata bei ya injini ya mtumbwi. Najua mawakili walioicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ndani ya hukumu ile kuna sentensi ambayo mtu wa Butimba hakuwahi kuisikia popote kabla ya hapo: serikali ilikukosea.

Wakati huo huo kulikuwa na shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, mwanasiasa wa upinzani. Mzee yule alianza kudai haki ya mgombea binafsi tangu miaka ya tisini mwanzoni. Mahakama Kuu ikamkubalia 1994. Katiba ikabadilishwa ili kuufunga mlango aliofunguliwa. Akarudi, Mahakama Kuu ikamkubalia tena 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni jambo la kisiasa, waulizwe wabunge. Mtikila, pamoja na Chama cha Mawakili Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wakaenda Arusha. Tarehe 14 Juni 2013 wakashinda: kumlazimisha mtu ajiunge na chama ndipo agombee ni kuvunja Mkataba wa Afrika. Tumepiga kura 2015, 2020 na 2025 tangu siku hiyo. Mgombea binafsi hajaonekana kwenye karatasi ya kura hata mara moja, na Mtikila alifariki Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi wa kwanza kati ya hizo.

Kisha, tarehe 21 Novemba 2019, Tanzania ikawasilisha barua ya kuondoa tamko lake. Serikali ilieleza kwamba tamko lilikuwa linatumika kinyume na masharti iliyokuwa imeyaweka. Wiki moja baadaye majaji wa Arusha walitoa hukumu kwamba sheria yetu inayomlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kwa kila muuaji, bila kumwachia nafasi ya kupima mazingira, inavunja haki ya kuishi. Rwanda ilikuwa imetangulia kujitoa 2016. Benin na Cote d'Ivoire zikafuata 2020. Kwa upande wetu mlango ulifungwa rasmi Novemba 2020, mwaka mmoja baada ya barua.

Tazama kilichobaki. Mahakama iko Arusha mpaka leo, na sisi bado ni wenyeji wake. Serikali nyingine ikitaka kuishitaki Tanzania pale, kwa taratibu zake, inaweza. Tume ya Afrika iliyoko Banjul inaweza. Mkazi wa Igoma, hapa Mwanza, anayeweza kupanda basi alfajiri na kushuka Arusha usiku, hawezi. Atabaki nje ya geti akiisoma bendera ya nchi yake. Samaki wote wapo mezani, mheshimiwa. Bondo nani alilitaja?

Wapo watakaosema milango hii haina maana kwa mtu wa chini. Kwa hao nina shauri moja la Kanda ya Ziwa. Sote tunakumbuka miaka ile watu wenye ualbino walipokuwa wanauawa na kukatwa viungo, wengi wao katika mikoa yetu hii, Mwanza, Shinyanga na majirani. Tunakumbuka watoto waliohamishwa makwao na kufichwa shuleni ili walale salama. Mwaka 2018 asasi tatu zilipeleka suala hilo Arusha. Hukumu ilitoka Februari 2025, na ilisema kwamba serikali haikutimiza wajibu wake wa kuwalinda watu hao. Asasi zile zilifungua shauri mlango ukiwa wazi, na kwa kuwa kujitoa hakugusi mashauri yaliyokwisha kupokelewa, hukumu ikaja zaidi ya miaka minne baada ya mlango kufungwa. Wangechelewa mpaka Desemba 2020 wangerudishwa getini na makabrasha yao.

Najua jibu litakalonijia, maana nalisikia kila ninapoligusa jambo hili, iwe kwenye kahawa pale karibu na soko kuu au kwenye simu za wasomaji: haya ni mambo ya Wazungu, sisi tuna mamlaka yetu, mgeni hatuambii namna ya kuishi nyumbani kwetu. Lina mvuto wake, na lina kaukweli ndani yake. Mataifa makubwa yana tabia ya kuzikumbuka haki za binadamu pale madini au kura za Umoja wa Mataifa zinapowahusu. Lakini kwa mtu wa pwani hii ya ziwa jibu hilo lina kasoro ya kihistoria.

Aprili 1968 Tanzania iliitambua Biafra. Mwalimu Nyerere aliudharau msimamo wa karibu Afrika nzima, kwa hoja kwamba serikali iliyoshindwa kuwalinda watu wake haiwezi kuwalazimisha wabaki chini yake. Unaweza kusema alikosea kisiasa. Wapo wengi waliosema. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, yakaishika ardhi yote ya kaskazini ya mto. Vijana wa Mwanza walipanda magari kwenda Kyaka, na wapo wazee kwenye baraza za mji huu ambao bado wanachechemea kwa vita ile. Wakati Amin anawaua Waganda kwa maelfu, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa kimya, ukisema hayo ni mambo ya ndani ya Uganda. Mwalimu alilisema hilo waziwazi, kwamba umoja umegeuka chama cha marais kulindana.

Amin aliangushwa Aprili 1979. Julai ya mwaka huo huo marais wa Afrika walikutana Monrovia. Baadhi waliilaumu Tanzania kwa kuingia nchi ya jirani. Lakini ni katika mkutano huo huo walipoagiza iandikwe rasimu ya mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, ule uliopitishwa Nairobi 1981 na kuanza kutumika Oktoba 1986. Kwa hiyo mtu akiniambia mkataba ule ni wa Wazungu, namuuliza alikuwa wapi wakati damu ya Kyaka inakauka. Katika karatasi zote tulizosaini, hiyo ndiyo yenye alama ya vidole vyetu.

Na wenye mkataba huo ndio waliotusema mwaka jana, ambao siwezi kuuruka. Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 ulifanyika, intaneti ikakatwa siku ile ile na kukaa hivyo karibu siku tano, vurugu na vifo vikaripotiwa katika miji kadhaa, Mwanza ikiwemo. Sitaingia kwenye idadi; zinatajwa nyingi na kila upande una yake. Ninachokitaja kiko kwenye maandishi. Waangalizi wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) walisema uchaguzi ule haukufikia kanuni za SADC. Siku chache baadaye waangalizi wa Umoja wa Afrika wakasema haukuzingatia misingi ya Umoja wa Afrika wala viwango vingine vya kimataifa vya uchaguzi wa kidemokrasia. Hao si mabalozi wa Ulaya. Ni jirani zetu, wakipima kwa rula ambayo sisi wenyewe tuliishika upande mmoja ilipokuwa inachongwa.

Halafu? Taarifa ya waangalizi ni taarifa. Haina mahali pa kuipeleka. Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu inasema kwamba mgombea urais akishatangazwa na Tume ya Uchaguzi kwamba amechaguliwa, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mtu wa Kisumu asiyeridhika na matokeo ya urais ana Mahakama ya Juu, ambayo tarehe 1 Septemba 2017 ilifuta uchaguzi wa urais ukarudiwa. Mtu wa Jinja anayo pia. Maombi ya Uganda yamekuwa yakishindwa, lakini yanasikilizwa, ushahidi unawekwa mezani na majaji wanaandika walichokiona. Mtu wa Mwanza hana. Mwaka 2020, mwezi wa Julai, majaji wa Arusha walitamka kwamba ibara hiyo ya 41(7) inakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika, na lile shauri pia lilifunguliwa na raia wa kawaida, wakili, mlango ukiwa bado haujafungwa. Ibara iko pale pale.

Nadhani hapo ndipo penye kiini cha mambo, na wala hapahitaji shahada ya sheria. Watu waliokatazwa kuuliza kwa karani wa mahakama watauliza barabarani. Kila aliyetembea Mwanza wiki ile aliliona swali hilo limeandikwa kwenye lami kwa matairi yaliyoungua.

Kuna mlango mmoja wa mahakama uliobaki, na ni ajabu jinsi watu wachache wanavyoujua. Ni Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha pia. Mkataba wa Jumuiya uliosainiwa Novemba 1999 unazitaka nchi wanachama zifuate utawala bora, demokrasia, utawala wa sheria na haki za binadamu, na ibara ya 30 inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kwenda kushitaki moja kwa moja. Huhitaji tamko la serikali. Huhitaji hata kumaliza kwanza mahakama za nyumbani. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, iliyotutoa jasho sisi waandishi, ilipelekwa huko, na Machi 2019 mahakama ikasema vifungu vyake vingi vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Baadhi vilikuja kurekebishwa 2023. Kwa mwendo wa haki wa ukanda huu, miaka minne ni mbio.

Lakini hata mlango huu umepunguzwa upana, na aliyesababisha ni mtu wa ziwa. Mwaka 2006 Anyang' Nyong'o, mwanasiasa wa Kisumu ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wa kaunti hiyo, yeye na wenzake walipinga namna Kenya ilivyowateua wabunge wake wa Afrika Mashariki. Novemba mwaka huo mahakama ikasimamisha kuapishwa kwa wabunge hao. Mwezi haukuisha, wakuu wa nchi wakawa wameubadilisha Mkataba wa Jumuiya: wakaanzisha kitengo cha rufaa, wakaongeza sababu za kumwondoa jaji, na wakaweka ukomo wa kufungua shauri, miezi miwili tangu tendo linalolalamikiwa lifanyike au tangu mlalamikaji alijue. Mahakama yenyewe iliamua mwaka 2008 kwamba mabadiliko hayo yalipitishwa bila kuwashirikisha wananchi kama mkataba unavyotaka, ila ikayaacha yasimame. Na mamlaka kamili ya haki za binadamu, ambayo ibara ya 27 inasema yatakuja kwa itifaki, yanasubiriwa tangu Jumuiya ifufuke. Kilichowasaidia walalamikaji ni ujasiri wa majaji, ambao mwaka 2007, katika shauri la Waganda waliozingirwa na askari ndani ya mahakama baada ya kupewa dhamana, walikataa kujivua jukumu la kutafsiri mkataba eti kwa sababu tu kuna haki za binadamu ndani ya malalamiko.

Miezi miwili. Kwa mtu wa Capri Point, mtaa wa wenye nacho hapa Mwanza, mwenye wakili kwenye simu, inatosha. Kwa mtu aliyetoka mahabusu hana viatu, au mama anayezunguka hospitali na vituo akimtafuta mwanaye, miezi miwili ni muda wa kutafuta nauli.

Turudi mwaloni. Kamati ya BMU, ule umoja wa wavuvi unaosimamia mwalo, ilikaa chini ya mwembe, viti vitano vya plastiki na benchi. Mwenyekiti ni mama wa makamo anayeuza dagaa wakavu, sauti yake haina haja ya kipaza. Alimsikiliza tajiri mpaka mwisho, akawasikiliza vijana, kisha akauliza swali moja tu: "Baba, hilo bondo liliota wapi? Kwenye mwembe huu?" Watu wakacheka, tajiri naye akacheka. Ikaamuliwa mabondo ambayo hayajauzwa yaletwe kabla ya jua kuzama yapimwe mbele ya kamati. Yaliyouzwa, nusu yao wavuvi walipwe kwenye giza linalofuata. Ndoo ililetwa saa kumi na moja. Nilikuwapo. Hakuna aliyesaini kitu.

Mmoja wa wale vijana ndiye aliyenivusha. Katikati ya maji aliniuliza naandika nini kwenye lile daftari, nikamweleza habari ya Arusha, mahakama mbili, ule mlango uliofungwa na huu mwingine wa miezi miwili. Alisikiliza huku ameshika mkono wa injini, hasemi kitu. Kaka yake, aliniambia hatimaye, alichukuliwa Mwanza mjini siku moja baada ya uchaguzi, akakaa ndani mpaka karibu na Krismasi, akatoka bila kuelezwa kosa.

"Hiyo miezi miwili, mzee, wanahesabu tangu lini?"

Nikamwambia tangu jambo lilipotokea, au tangu ulipolijua.

Akaachia injini kidogo, akahesabu kwa vidole. Novemba. Desemba. Akakifikia kidole cha Januari, akakitazama, akaukamata tena mkono wa injini.